Mstari wa Masale

Kosiya alikuwa amesema saa sita, na Kosiya si mtu wa kusema jambo mara mbili. Ikifika saa sita mchana, miti kumi na tisa ya kahawa iliyosimama kati ya boma lake na boma la mjane Alisi ingekatwa, na mahali pake ungechimbwa msingi wa maduka. Vijana wake watatu walikuwa wamekwisha noa mapanga, wakaketi juu ya mawe wakitafuna miwa. Saa ilikuwa nne na robo.

Musimenta alisimama juu kidogo, kwenye bustani mpya ya mji wa Bwera, bustani aliyoichora yeye mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwa na panga, wala hakuwa na shamba hapo. Lakini kahawa ile ikikatwa, aliyeikata ni yeye, na mpaka saa hiyo hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelijua hilo.

Alikuwa mwaka wa nne, wa mwisho, akisomea usanifu wa mandhari katika chuo kimoja cha Kampala. Ukimwambia mtu wa Kasese kwamba unasomea usanifu wa mandhari, atakuuliza, "Yaani unasomea kupanda maua?" Musimenta alikwisha choka kueleza kwamba si maua, ni maji ya mvua yapite wapi, ni watu wapite wapi, ni kivuli kiwe upande gani jua la saa tisa likipiga. Bustani hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Ofisi ya mji iliupenda mchoro wake hata ikaamua kuujenga kweli, bahati ambayo haikumpata mwenzake yeyote darasani. Na leo mhadhiri wake, Daktari Tumukunde, alikuwa amesafiri kutoka Kampala kuja kuikagua na kutoa alama. Akiridhika, masomo yamekwisha.

Sasa sikiliza jinsi msichana mwenye akili alivyojitia kitanzi. Mwezi wa tatu alitakiwa kuja Bwera siku kumi na tepu ya kupimia, apime eneo zima: kila mti, kila jiwe, kila mfereji, na mashamba yanayopakana na bustani. Alikuja siku moja tu. Mvua ilimnyeshea tangu asubuhi, mteremko ukamwangusha mara mbili, upupu ukamla miguu, akasema potelea mbali. Akarudi nyumbani Kasese, akajifungia chumbani, akafungua picha ya setilaiti kwenye simu yake, akachora vyote kwa kukisia. Aliona mstari mwembamba ukishuka katikati ya kahawa, akasema huu ndio mpaka wa maboma mawili. Haukuwa mpaka. Kilikuwa kijia cha Mama Alisi cha kuendea mtoni.

Mchoro ule ulipata alama themanini na mbili. Daktari Tumukunde aliubandika ukutani, akawaambia wanafunzi wote, "Hivi ndivyo mtu anavyopima." Musimenta alitabasamu siku ile, na tangu siku ile hakulala vizuri.

Kosa la pili lilikuja juu ya la kwanza. Masale ni mmea mrefu wenye majani mapana yanayoning'inia. Unakata fimbo, unaichomeka ardhini, inaota. Mkonzo yeyote, mwenyeji wa Bwera, atakuambia kwamba masale ndiyo hati ya shamba. Yakisimama kwa mstari kati ya nyumba mbili, hapo wazee walikubaliana, na hakuna mwenye akili timamu anayeyagusa. Lakini Musimenta hakuwa Mkonzo. Baba yake alikuwa sajenti, mtu wa Bushenyi, na yeye alikulia katika nyumba za askari huko Kasese, ambako mpaka ni jiwe lililopakwa chokaa na mwenye jiwe ni serikali. Kambini hakuna anayerithi kitu. Mnahamishwa, mnafungasha, mnakwenda. Yeye alitaka safu ya masale iliyopinda vizuri kandokando ya njia ya bustani, akaona chini ya mteremko masale yamejaa bure, akaandika kwenye mchoro: hamisha.

Nobert, msimamizi wa kazi, alimpigia simu kutoka Bwera. "Vijana wa hapa wanakataa kung'oa. Wanasema hawagusi."

"Waambie ni maua tu," Musimenta akamjibu.

Maua tu! Jamani, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nobert alishuku kuna jambo, lakini karatasi ilikuwa na muhuri wa chuo, naye alikuwa na tarehe ya kumaliza. Akaenda Kikorongo kutafuta vibarua wasiomjua mtu Bwera, na kwa siku moja masale yote arobaini yakang'olewa na mashimo yakafukiwa. Mama Alisi hakuwepo. Alikuwa Bwesumbu kwenye matanga ya dada yake. Kosiya alikuwepo. Aliketi mlangoni pake tangu asubuhi hadi jioni akitazama, na hakufungua kinywa.

Hayo yalitokea wiki tatu zilizopita. Musimenta aliyajua yote mjane aliporudi na kupiga mayowe, na kwa wiki mbili nzima alinyamaza, akijiambia kwamba watu wazima watapatana wenyewe.

Hawakupatana. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mnene aitwaye Sunday, aliitisha kikao pale pale shambani, na makusudi akakiweka siku ya ujio wa daktari wa ramani. Watu kama thelathini walikusanyika. Viti vya plastiki vikaletwa kwa wazee, wengine wakasimama.

"Leo tunaongea Kiswahili," Sunday akasema, "sababu wageni yetu hawasikii Lhukonzo. Kosiya, anza."

Kosiya alisimama, mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi. Alikuwa na nakala ya mchoro, ameiweka ndani ya plastiki ili isichafuke.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Mutu anaweza kudanganya. Mimi naweza, jirani yangu anaweza. Lakini karatasi haina njaa, haina kahawa. Karatasi ya chuo inaonyesha mupaka iko pale kwa kijia. Kumbe miaka yote mama huyu alikuwa anavuna kwangu! Sikumudai. Nataka tu udongo yangu."

"Kosiya." Mama Alisi hakusimama. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cha matanga bado kichwani. "Bwana yangu na baba yako walipanda ile masale pamoja. Wewe ulikuwa unawabebea maji. Ulisahau?"

"Nilikuwa mutoto. Mutoto anakumbuka nini?"

"Nilienda kuzika dada yangu, nikarudi nikakuta shamba yangu imehama!" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Hatua sita! Ile kahawa ndiyo inanilisha. Sina ingine. Mukiikata, mukate na mimi."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma akasema pole mama, mwingine akamwambia anyamaze, wamsikilize daktari.

Daktari Tumukunde alikuwa ameketi kiti cha mbele, viatu vyake vimejaa matope, na ilionekana wazi kwamba ugomvi wa mashamba haukuwa katika ratiba yake. Sunday alimpa ule mchoro. "Daktari, sisi hatukusoma hii vitu. Tuambie. Hii karatasi ni ya kweli?"

Tumukunde aliitazama kidogo tu, maana aliijua. "Kazi hii nimeisimamia mimi," alisema. "Imepimwa kwa tepu, mmea kwa mmea. Ni kazi bora kuliko zote nilizopokea mwaka huu. Sisi hatuchori ndoto, mzee."

Musimenta aliutazama mchoro mkononi mwa daktari. Kama daktari angeshuku, kama angeuliza hata swali moja, ingekuwa nafuu. Sasa akisema ukweli, hamwaibishi nafsi yake peke yake. Anamvua nguo mwalimu wake mbele ya umati. Na akinyamaza? Akinyamaza, leo jioni atarudi Kasese akiwa amefaulu. Mama yake alikuwa ameshawaalika majirani wa kambi nzima. Hakuna atakayejua. Kahawa itakatwa, maduka yatajengwa, na bustani itapendeza kweli kweli. Alikuwa na hofu, hofu tupu.

Sunday alitoa daftari lake na kalamu. Kosiya, bila kugeuka, aliinua mkono kidogo, na wale vijana watatu wakatupa makapi ya miwa, wakasimama. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mama Alisi alinyanyuka hapo. Hakwenda kwa Sunday wala kwa Kosiya. Alimwendea Musimenta, akasimama mbele yake karibu sana, hata msichana akasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye kanga yake.

"Mutoto," akasema polepole. "Ni wewe uliandika. Niangalie kwa macho. Ulipima?"

"Umekwisha jibiwa na..." Tumukunde alianza.

"Sijauliza wewe, Daktari. Namuuliza yeye."

Musimenta akamwangalia machoni. Akajibu kwa kunong'ona.

"Sikupima."

"Sema watu wasikie."

"Sikupima!" Ilimtoka kwa kelele, kama askari anayeitikia jina kwenye gwaride. "Nilikuja siku moja, mvua ikaninyeshea, nikaenda zangu. Nilichora nyumbani, kwa kukisia, kwenye simu. Ule mstari ni kijia cha Mama. Si mpaka. Karatasi ni ya uongo, na mimi ndiye niliyeamuru masale yang'olewe."

Kelele zilizozuka hapo zilisikika mpaka barabarani. Mtu alicheka, mwingine akatukana. Daktari Tumukunde alikuwa amesimama.

"Musimenta, fikiri kabla hujasema."

"Nimefikiri wiki mbili, Daktari. Nisamehe."

Hakumsamehe. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Kazi yako nimeifuta," alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Barua itakwenda kwa kamati ya nidhamu. Kama watakurudisha mwaka mzima, shukuru, wengine hufukuzwa. Na mimi niliketi hapa nikaiapia kazi yako."

Ungedhani basi, yamekwisha, ukweli umesemwa, mjane amepata haki yake. Thubutu! Kosiya hakuwa mjinga. Alingoja kelele zipungue, akakohoa.

"Mwenyekiti, vizuri. Karatasi ni uongo. Na masale hakuna. Basi hakuna ushahidi yangu, na hakuna ushahidi yake. Yeye anasema, mimi nasema. Baba yangu amekufa, bwana yake amekufa. Utaandika nini kwa hiyo daftari?"

Sunday alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa mahakama. "Ni kweli," alisema kwa shida. "Mimi siwezi kuandika bila alama."

Vijana wa mapanga waliangaliana, kisha wakamwangalia Kosiya. Kosiya akawapungia waendelee, na wa kwanza akaushika mkahawa wa mwisho wa safu, akaupiga panga. Tawi zima likaanguka, na kahawa mbichi zikatawanyika chini. Mama Alisi akalia kama aliyechomwa moto.

Ndipo Musimenta alipoamka. Miaka minne alisoma mimea, jamani, si mambo ya bure yote. Masale hayang'oki kirahisi. Mzizi wake ni mnene, wa manjano iliyokolea kama mafuta ya mawese, nao huzama. Vibarua wa Kikorongo waliyang'oa arobaini kwa siku moja, mbio mbio, jioni wapande gari. Hawakuweza kutoa mizizi yote.

"Ngoja!" alipiga kelele. "Alama ipo! Ipo chini ya ardhi. Nipeni jembe."

"Hii sasa ni mchezo," Kosiya akasema.

"Mchezo wa dakika kumi," Sunday akamjibu, na safari hii sauti yake ilikuwa na mfupa. "Weka panga chini, wewe kijana. Mupe jembe."

Musimenta alivua viatu, akaanza kuchimba pale alipodhani. Udongo tu. Akasogea hatua moja, akachimba tena, jasho likimwingia machoni, viganja vikianza kuchubuka. Udongo, mawe, nyungunyungu. Watu walianza kucheka. Daktari alikuwa ameanza kupanda mteremko kuelekea gari lake, akasimama nusu ya njia. Saa sita ikapita.

"Unachimba mahali hujui," Mama Alisi akasema nyuma yake.

Musimenta alisimama akihema. Ni kweli. Alikuwa akikisia tena, yale yale. Akageuka, akauinamisha uso.

"Mama, nionyeshe. Mimi sijui."

Mjane alimtazama kwa chuki, chuki ya haki kabisa. Halafu akaenda hadi kwenye jiwe kubwa jeusi ukingoni mwa bustani, akaligeuzia mgongo, akaanza kushuka akihesabu kwa midomo bila sauti. Hatua ya nane akasimama, akakita kisigino. "Hapa ilikuwa ya kwanza. Kila asubuhi nilikuwa naishika nikienda maji."

Jembe la kwanza, udongo. La pili, udongo. La tatu likagonga kitu kigumu, likakwama, na Musimenta akapiga magoti akafukua kwa vidole. Ulikuwa pale, mnene kama kidole gumba, umekatwa upya, wa manjano kabisa.

"Mungu wangu," akasema Sunday, na akainama kuugusa.

Vigelegele vilipigwa. Wanaume wawili walivua makoti wakachukua majembe bila kuombwa. Hatua mbili chini, mzizi mwingine. Hatua mbili tena, mwingine. Mstari ukaanza kuonekana, kidonda cha manjano kimoja baada ya kingine, hatua sita kutoka kwenye kijia, mahali hasa mjane alipokuwa akisema siku zote. Kosiya alibaki amesimama, mikono nyuma, na hakuna aliyemtazama.

Walipofika karibu na mto, mambo yaligeuka kidogo. Mizizi minne ya mwisho haikufuata mstari wa macho. Ilipinda, ikaingia upande wa Mama Alisi kama hatua moja na nusu. Mikahawa miwili ilikuwa ng'ambo ya mizizi, upande wa Kosiya. Umati ulikuwa bado juu, kwenye mizizi ya kwanza. Musimenta alishika jembe asijue aseme au aache, maana ni yeye peke yake aliyekuwa amechimba hapo, na udongo ungeweza kurudi shimoni kwa mguu mmoja.

"Mama," alisema, "hapa unapinda."

Mama Alisi alikuja, akaangalia. Aligusa mkahawa mmoja, kisha wa pili. "Miwili hii nimevuna tangu bwana yangu afe," alisema mwishowe. "Basi ni yake. Mwenyekiti, andika."

Sunday aliandika. Kosiya aliitikia kwa kichwa mara moja, na hilo ndilo neno lake la kukubali.

Masale yalirudishwa mchana ule ule. Wale vijana watatu walitumwa kwenye bustani wakayang'oa kutoka kwenye ile safu iliyopinda, safu iliyochorwa kwa wiki tatu, na njia ikabaki uchi na mashimo pande zote mbili. Daktari Tumukunde alikuwa amekwisha ondoka. Musimenta aliona yote hayo, akaona pia kwamba simu yake inaita na ni mama yake, akaizima.

"Sasa shahidi," Sunday akasema. Mipaka haipandwi hivi hivi. Wenye mashamba hushika mmea pamoja, na lazima mtu wa tatu atazame, kijana kuliko wao, ili waliopanda wakifa yeye abaki wa kuulizwa. Na kila mwaka mvua ikiisha shahidi huja kuutembea mstari. "Nani?"

"Si wa nyumba yake," akasema Kosiya.

"Si wa nyumba yake pia," akasema Mama Alisi. Akageuka, akamnyooshea Musimenta kidole. "Huyu."

"Mimi?" Musimenta alishtuka. "Mama, mimi si wa hapa. Mimi ndiye niliyewadanganya."

"Ndiyo. Umedanganya mbele ya watu thelathini, na ukajisema mbele ya watu thelathini. Nani mwingine hapa tunamujua hivyo? Chuo utarudi lini?"

"Sijui kama nitarudi."

"Basi nafasi unayo."

Watu walicheka. Mama Alisi hakucheka. Kosiya alimpima msichana kwa macho, akainua mabega, akasema sawa.

Wakashuka mpaka shimo la kwanza. Kosiya alishika masale chini, Mama Alisi akashika juu, wala hawakuangaliana. Musimenta aliona mmea umeinama kidogo, akapiga goti haraka, akanyoosha mkono auweke sawa. Mama Alisi akaupiga ule mkono, pa! Haukuwa mpigo wa mzaha.

"Toka. Usingoje shukrani, usisaidie. Ulinitoa kwangu ukanirudisha kwangu, hiyo si zawadi." Akashindilia udongo kwa kisigino. "Wewe usiguse kitu. Kazi yako ni kutazama. Mara ya kwanza hukutazama."

Musimenta akasimama, mikono yenye malengelenge ikining'inia ubavuni, akatazama. Walipanda la kwanza, wakasogea hatua mbili, wakapanda la pili. Alihesabu mpaka arobaini, na kila moja alijua liko wapi.